Safu ya Ushauri: Tumefarakana au Tumetofautiana Tu?

BARUA

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mkazi wa Ngamiani, hapa Tanga mjini, na ni mtoto wa nne katika familia ya watoto tisa wa baba mmoja na mama wawili. Baba yetu alifariki mwaka jana, akaacha nyumba yenye vyumba vya kupangisha huku huku Ngamiani pamoja na shamba la minazi kule Tongoni. Baada ya arobaini tulikubaliana kwamba kaka yetu mkubwa aendelee kukusanya kodi za wapangaji mpaka suala la mirathi litakapofikishwa mahakamani. Miezi ikapita, wadogo zetu, watoto wa mama mdogo, wakaomba waonyeshwe hesabu ya kodi hizo, naye kaka akaona kwamba anaitwa mwizi ndani ya nyumba ya baba yake.

Mwezi uliopita tulikaa kikao cha ukoo nyumbani kwa baba mdogo kwa ajili ya kupendekeza msimamizi wa mirathi. Kwa kuwa nafanya kazi ya ukarani, nilipewa kazi ya ukatibu. Kikao kilikuwa kirefu na maneno yalikuwa makali. Kaka mkubwa alisema kwamba hesabu ataitoa kwa msimamizi, hataitoa kwa watoto aliowalea mwenyewe. Hata hivyo jina la msimamizi lilipatikana, nalo ni la shangazi yetu, ambaye pande zote mbili zinamheshimu. Kaka yetu wa pili na mdogo wetu wa mwisho waliondoka kabla ya dua ya kufunga: wa pili alikuwa na zamu ya usiku bandarini, na wa mwisho aliondoka kwa hasira.

Katika muhtasari niliandika hivi: "Wajumbe kwa pamoja walikubaliana kwamba upo mfarakano katika familia ya marehemu, uliosababishwa na kodi ya nyumba, na kwamba ndugu wawili walisusia kikao." Baadaye nikampendekeza shangazi kwa niaba ya kikao, nikaupeleka muhtasari kwa ndugu ili watie saini. Hapo ndipo shughuli ilipoanza. Kaka mkubwa amekataa kutia saini, anasema neno mfarakano linatuaibisha mbele ya hakimu, kwa maana sisi hatujafarakana bali tumepishana kauli. Dada yetu upande wa mama mdogo anasema nikilifuta neno hilo wao ndio hawatatia saini, kwa sababu nitakuwa nimeuficha ukweli. Baba mdogo anashauri niandike "utengano", anasema ndilo neno la watu wazima. Binti wa kaka, ambaye anasoma chuo kikuu Dodoma, anaona "mgawanyiko" ndilo neno la kitaalamu. Mjomba wetu yeye amesema niandike "fitina", basi.

Ili upate picha kamili, nikueleze pia kwamba siku ya Idi watoto wa mama mdogo walikuja nyumba kubwa kama kawaida na tulikula sinia moja. Asiyekuja ni mdogo wetu wa mwisho. Tangu siku ya kikao hapokei simu ya kaka mkubwa, na kaka naye amewakataza watoto wake wasikanyage kwa baba yao mdogo huyo.

Nimetazama kamusi, nikaona maana zinanirudisha kwenye neno moja baada ya jingine. Naomba unieleze neno mfarakano lina maana gani hasa na hutumika wapi, na kama ungekuwa wewe ndiye katibu, ungeandika nini?

Ni mimi,
Katibu wa Ukoo, Ngamiani

MAJIBU

Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba pamoja na haya yaliyoufuata. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na jambo la kwanza nililoliona ni kwamba ndugu zako hawabishani juu ya kamusi. Kila mmoja anayo hoja ndani ya neno analolitetea, na ukilielewa neno lenyewe utaona ni kwa nini kaka yako amechukia na ni kwa nini dada yako ameshikilia.

Mfarakano ni hali ya watu waliokuwa kitu kimoja kufikia mahali ambapo uhusiano wao umevunjika au umesimama. Neno hili haliwahusu watu ambao hawakuwahi kuwa pamoja. Mashabiki wa Coastal Union na wa African Sports wanaweza kutupiana maneno mji mzima siku ya mechi, lakini hakuna mtu wa Tanga atakayesema kwamba wamefarakana, kwa sababu hawakuwa timu moja tangu hapo, ni mahasimu na watani. Wanaofarakana ni ndugu, ni mke na mume, ni wanachama wa chama kimoja, ni waumini wa msikiti mmoja au usharika mmoja, ni washirika waliokuwa na mfuko mmoja. Vilevile neno hili halifai kwa ugomvi wa jioni moja. Watu wakigombana leo na kesho asubuhi mmoja akamwita mwenzake kunywa chai, hapo palikuwa na ugomvi, nao umekwisha. Mfarakano hukaa, na dalili zake huonekana katika mambo ya kila siku: hawajuliani hali, hawaitani kwenye shughuli, mmoja akifiwa mwenzake hutuma salamu kwa mtu wa tatu, na watoto hufundishwa nyumba ipi wasiingie.

Asili ya neno hili ni Kiarabu, na mzizi wake unahusu kuachana na kutenganisha. Kutoka katika mzizi huo tumepata pia neno fariki, kwa maana ya kuachana na dunia, na ndiyo maana wazee husema "amefariki dunia" wala hawaishii kwenye "amefariki" peke yake. Kwa hiyo katika muhtasari wako, bila wewe kukusudia, marehemu amefariki na familia ikafarakana kwa mzizi mmoja. Tafaruku na mtafaruku ni wa ukoo huo huo, ingawa siku hizi mtafaruku tunauelewa zaidi kuwa vurugu na tafrani ya muda mfupi, kama ile ya sokoni pakizuka purukushani, kuliko kuvunjika kwa udugu. Wasomaji Waislamu wataukumbuka mzizi huu katika aya ya 103 ya Sura Aal Imran, mahali waumini wanapoamrishwa kushikamana na kukatazwa kutafarukiana, na wasomaji Wakristo watalikumbuka neno faraka katika sura ya kwanza ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho katika Biblia ya Kiswahili iliyozoeleka, ile ya Union Version. Nayataja haya kwa sababu moja tu: masikioni mwa mtu wa pwani aliyekulia madrasa au kanisani, neno hili lina uzito wa jambo lililokatazwa. Kaka yako hakulisikia kama neno la ofisini. Amelisikia kama neno la kumwambia kwamba ameuvunja undugu.

Sasa tazama umbo lake. Kitenzi ni farakana, na ile -an- ya mwisho ndiyo ile ile tunayoikuta katika pigana, kosana na gombana, yaani tendo la pande mbili. Mtu hafarakani peke yake. Tunasema "Ali amefarakana na ndugu zake" au "Ali na ndugu zake wamefarakana", wala hatusemi "Ali amewafarakana ndugu zake", kwa kuwa kitenzi hiki hakipokei mtendwa. Ukitaka kumtaja aliyewatia wenzake katika hali hiyo, unaongeza kiambishi kingine na kusema "amewafarakanisha", na hapo umeshatoka katika kueleza hali na umeingia katika kutoa shutuma. Katika upatanisho wa kisarufi nomino yenyewe iko katika ngeli ya m-/mi-, kwa hiyo tunasema mfarakano uliopo na mifarakano iliyopo. Wapo pia wanaosema mafarakano, na hao waseme mafarakano yaliyopo. Kinachonikera mimi, na hukisoma mara nyingi katika barua za vikundi, ni "mafarakano iliyopo", ambayo haina wenyewe.

Kwa kuwa neno lina pande mbili ndani yake, mwandishi akiandika "upo mfarakano" peke yake, anawahusisha wote bila kumnyooshea kidole yeyote. Wewe hukuishia hapo. Umeongeza "uliosababishwa na kodi ya nyumba". Nina hakika uliona kwamba kwa kutaja kodi badala ya mtu umekuwa mwangalifu, lakini kodi haijikusanyi. Kila atakayeusoma muhtasari huo, hakimu akiwa wa kwanza, atauliza nani alikuwa akiikusanya, na jibu ni mtu mmoja tu. Hilo ndilo lililomfanya kaka yako akatae saini: amejiona ametajwa mahali ambapo jina lake halikuandikwa. Naye dada yako anaona kwamba ukilifuta neno, na hoja yao ya hesabu itafutika pamoja nalo, kwa sababu katika muhtasari wako hoja hiyo haikuandikwa mahali pengine popote. Hilo la pili ndilo ninaloliona kubwa zaidi. Kama maombi yao ya kuonyeshwa hesabu yangeandikwa waziwazi katika aya yake, nadhani dada huyo asingekuwa na haja ya kuling'ang'ania neno moja.

Tuyapime basi maneno uliyoshauriwa.

Baba mdogo amependekeza utengano, na namuelewa. Ni neno la Kibantu, linatokana na tenga, na limekaa vizuri katika masikio yetu kupitia msemo wa umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu. Utengano ndio hasa kinyume cha umoja, na unaeleza hali ya kuwa mbalimbali bila kusema kwamba pana chuki. Watu hutengana kwa kazi, kwa masomo, kwa safari, na hata kwa makubaliano. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua mume na mke kutengana, na waliotengana bado ni mume na mke mbele ya sheria hiyo, hawajaachana. Wenye umri wa kutosha hapa Tanga wanakumbuka pia vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star. Lucky Star ilitoka ndani ya Black Star, na marehemu Shakila aliimba kote kuwili. Kikundi kumeguka kikazaa kikundi ni utengano, na katika mfano huo mji ulipata taarabu mbili badala ya moja. Kwa familia yako, hata hivyo, utengano si neno sahihi. Hamjatengana. Mlikula sinia moja siku ya Idi, na nyumba na shamba bado ni mali isiyogawanywa. Baba mdogo ametafuta neno laini la kufunika neno kali, lakini ulaini huo umelitoa nje ya mambo yalivyo.

Mgawanyiko wa binti yenu wa Dodoma ni neno zuri kwa taarifa ya habari na kwa mambo ya kura na misimamo. Linatokana na gawanyika, na ile -ik- inatuambia kwamba jambo limetokea bila kumtaja aliyelitenda, jambo ambalo waandishi wa habari hulipenda kwa sababu zinazoeleweka. Tunasema wajumbe waligawanyika, nusu huku na nusu kule, na bado wote wakabaki wajumbe na wakaenda kula pamoja. Tatizo langu ni la karatasi yako mahususi. Katika muhtasari wa mirathi litakuwepo pia neno mgawanyo, yaani mgawanyo wa mali kwa warithi, na silabi moja tu ndiyo inayotofautisha mgawanyo wa familia ya marehemu na mgawanyiko wa familia ya marehemu. Nimewahi kusoma barua ambamo maneno hayo mawili yalibadilishana viti katika ukurasa mmoja, na mpokeaji angeweza kudhani kwamba mali ilikwisha kugawanywa. Mgawo nao ni kitu kingine, ni fungu la mtu, ingawa siku hizi ukitamka mgawo kila mtu huufikiria umeme. Ukilitumia mgawanyiko, litumie kwa kura na maoni, na uwe macho na mpiga chapa wako.

Nalitaja na neno mpasuko, ingawa hakuna aliyekupendekezea, kwa sababu huenda likatokea katika kikao kijacho. Rais Kikwete alipolihutubia Bunge mwishoni mwa Desemba 2005 aliuzungumzia mpasuko wa kisiasa wa Zanzibar, na tangu hapo neno hilo limekuwa mali ya siasa. Lina ukubwa wake. Familia ya watoto tisa inayodaiana hesabu ya kodi haijafika huko.

Kuhusu fitina ya mjomba, hilo usiliandike kabisa. Fitina ni maneno au vitendo vya mtu anayewachonganisha wengine kwa makusudi, kwa hiyo ukiiandika lazima uwe na mfitini, na ukiwa na mfitini lazima uwe na ushahidi. Mjomba anaweza kulisema barazani akiwa na kikombe chake cha kahawa na watu wakacheka. Katibu hana ruhusa hiyo.

Linabaki lile la kaka mkubwa, kupishana kauli, pamoja na jamaa zake kutofautiana na kuhitilafiana. Haya yanahusu maoni. Watu wanaotofautiana wanaendelea kuwa pamoja, na pengine wanatofautiana kwa sababu wako pamoja, kwani asiyehusika na nyumba ya Ngamiani hana haja ya kuwa na maoni juu ya kodi yake. Kwa kipimo hiki, na kwa mambo uliyonieleza, nakubaliana na kaka yako kwa sehemu kubwa. Familia yenu kwa ujumla imetofautiana juu ya hesabu. Imekaa kikao, imesikilizana hata kama ni kwa maneno makali, imempata msimamizi mmoja ambaye pande zote zinamkubali, na imekula pamoja siku ya Idi. Waliofarakana hawafanyi hayo manne.

Lakini dada yako naye hajasema uongo. Kuna mahali neno mfarakano linakaa sawasawa katika barua yako, napo ni kati ya kaka mkubwa na mdogo wenu wa mwisho. Simu haipokelewi, Idi imepita bila kuonana, na watoto wamekatazwa kukanyaga kwa baba yao mdogo. Hapo hatuna tofauti ya maoni tena. Hao wawili wamefarakana, na anayesema kwamba wamepishana kauli anawapunguzia. Kwa hiyo kosa la sentensi yako halikuwa katika kulitumia neno, lilikuwa katika kulitandaza juu ya watu tisa wakati linawahusu wawili, na tena kusema kwamba wajumbe "kwa pamoja walikubaliana" kuhusu mfarakano. Watu waliokubaliana kwa pamoja kwamba wamefarakana ni watu wa ajabu kidogo, mwanangu.

Je, mfarakano wa hao wawili uandikwe katika muhtasari? Maoni yangu ni kwamba hauna nafasi humo. Muhtasari wa kikao huandika yaliyosemwa na yaliyoamuliwa kikaoni, na sehemu kubwa ya uliyonieleza kuhusu hao wawili imetokea baada ya kikao. Ukiyaingiza, utakuwa umeacha ukatibu na kuwa shahidi.

Usilichukulie jambo hili kuwa la adabu peke yake, kwa maana lina upande wa sheria. Jedwali la Tano la Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11, linaipa Mahakama ya Mwanzo mamlaka ya kuteua msimamizi wa mirathi, na pia linairuhusu, pale inapoona kwamba inafaa kwa ajili ya kulinda mali na kuisimamia ipasavyo, kumteua ofisa wa mahakama au mtu mwingine mwenye sifa njema asiye na upande, awe pamoja na msimamizi aliyeombwa au mahali pake. Hakimu anayesoma "upo mfarakano katika familia ya marehemu" ana kila sababu ya kujiuliza kama shangazi yenu ataweza kuifanya kazi hiyo katikati ya watu waliovunja uhusiano. Anaweza kuwaita, anaweza kuwahoji, na anaweza kuamua kumwachia kazi hiyo mtu msiyemjua. Pengine hilo ndilo mnalolitaka, na kama ndilo, semeni hivyo kwa maneno yake. Lakini kama ninyi wote mnamtaka shangazi, basi neno moja la katibu lisiwe ndilo linalomwondoa.

Ungeniuliza mimi ningeandika nini, ningeandika hivi, ukijaza majina mahali pake:

"Katika kujadili kodi ya nyumba ya Ngamiani, wajumbe walitofautiana. Baadhi ya wajumbe waliomba hesabu ya kodi iliyokusanywa tangu marehemu alipofariki iwasilishwe kwa ndugu wote. Mjumbe aliyekabidhiwa kazi ya kukusanya kodi hiyo baada ya arobaini alieleza kwamba ataiwasilisha hesabu kwa msimamizi wa mirathi atakayeteuliwa. Wajumbe hawakufikia mwafaka juu ya lini na kwa nani hesabu iwasilishwe. Kuhusu msimamizi wa mirathi, wajumbe walimpendekeza shangazi wa watoto wa marehemu."

Humo dada yako ataiona hoja yake, tena imeandikwa kwa ukamilifu kuliko ilivyokuwa ndani ya neno mfarakano. Kaka yako ataiona ahadi yake aliyoitoa kwa kinywa chake, na tangu hapo itakuwa vigumu kuikana. Ahadi hiyo ina mahali pa kwenda, kwa sababu kwa kanuni za Mahakama ya Mwanzo msimamizi akishateuliwa hutakiwa kuwasilisha mahakamani orodha ya mali na madeni, katika Fomu Namba 5, ndani ya miezi minne au muda zaidi ambao mahakama itauruhusu, na baada ya hapo hesabu, katika Fomu Namba 6, kwa vipindi ambavyo mahakama itavipanga, na kodi iliyokusanywa baada ya kifo ni sehemu ya mali hiyo. Shangazi ataihitaji hesabu ile apende asipende, na atakayemdai kaka yako atakuwa yeye, dada wa baba yake, ambaye sidhani kama atamwambia kwamba ni mtoto aliyemlea.

Wape ndugu rasimu mpya kwa pamoja, usimpelekee mmoja mmoja. Muhtasari unaotembea nyumba kwa nyumba hufika nyumba ya tatu ukiwa umeshafasiriwa mara mbili. Wakusanye kwa baba mdogo baada ya alasiri, usome kwa sauti mwanzo mpaka mwisho, na anayepinga neno lolote aseme lipi analitaka badala yake. Baba mdogo akirudi kwenye utengano, mwambie kwa heshima kwamba mali haijatengwa na ndugu hawajatengana, na nadhani atakuelewa.

Limebaki neno moja ambalo hukuniuliza, na pengine ndilo lililomkasirisha mdogo wenu wa mwisho kuliko mfarakano wenyewe. Umeandika kwamba ndugu wawili walisusia kikao. Kususia ni kukataa kushiriki kwa makusudi ili kuonyesha upinzani, nawe mwenyewe umeniambia kwamba kaka yenu wa pili alikwenda zamu ya usiku bandarini. Huyo hakususia chochote, aliwahi kazini. Mdogo wenu aliondoka kwa hasira, lakini hasira umeiona wewe usoni mwake, haikutamkwa kikaoni, na alikuwapo wakati jina la shangazi linapendekezwa kama ulivyoeleza kwamba aliondoka kabla ya dua ya kufunga. Wote wawili majina yao yabaki katika orodha ya waliohudhuria. Chini yake andika kwamba waliondoka kabla ya kikao kufungwa, mmoja kwa udhuru wa kazi, na kwa yule mwingine andika saa aliyotoka, uishie hapo.